MISUMENO MITATU: SI MMOJA, WALA SI KUMI

Ndugu wafanyakazi,

Katika majuma haya neno moja limezungumzwa kuliko mengine yote katika viwanja vya kuni, kutoka Tiwi na Ukunda mpaka Msambweni na Ramisi. Neno lenyewe ni hili: misumeno ya mashine iwe mingapi? Tajiri mmoja wa upande huu wetu, ambaye hatutamtaja kwa kuwa mazungumzo naye hayajakwisha, amewaambia wakataji wake kwamba tangu mwisho wa mwezi kila kikosi kitakuwa na msumeno mmoja tu. Mingine itauzwa. Asema msumeno mmoja ukitunzwa vizuri watosha, na kuweka mingi ni israfu. Kwa upande wa pili wako ndugu zetu wenyewe, hasa vijana, wanaotaka kila mkataji apewe wake, hata ikifika kumi, kwani mwenye shoka hakosi kuni.

Sisi hatukubaliani na tajiri yule, na hatukubaliani na ndugu zetu hawa. Twasema misumeno iwe mitatu kwa kila kikosi chenye wakataji wawili: miwili ya kazi na mmoja wa akiba. Hesabu hii hatukuiokota njiani. Tumeipata kwa kuitazama kazi yenyewe inavyokwenda tangu asubuhi mpaka jioni, na twataka kila mwanachama aielewe kabla ya kuinua mkono wake katika mkutano.

SI JAMBO DOGO

Watakuwapo watakaocheka. Watasema chama cha wafanyakazi kimekosa la kufanya hata kinahesabu misumeno. Waulizeni hao, chakula cha mchana cha mtoto wao shuleni kimepikwa kwa nini? Katika shule nyingi za Kwale sufuria kubwa zakaa juu ya kuni. Mikate mingi yatoka katika tanuri za kuni. Chokaa, anayechoma mawe ya matumbawe huyachoma kwa kuni. Na nyumba nyingi za mashambani, kutoka Kikoneni mpaka Mkongani, zapika kwa kuni kila siku. Kuni hizo hazitembei zenyewe mpaka jikoni. Yuko mtu aliyeuangusha mti, yuko aliyekata vipande, yuko aliyepasua kwa shoka na kabari, na yuko aliyepakia lori. Watu hao ndio sisi. Idadi ya misumeno ndiyo inayoamua ni nani atakayekwenda nyumbani jioni na miguu yake miwili, na ni nani atakayeambiwa kesho usije. Kwa hiyo si jambo dogo.

MSUMENO MMOJA NI MTEGO

Tuchukue siku moja ya kazi. Kikosi kina wakataji wawili, na nyuma yao wapasuaji na wapakizi. Miti ni mivinje ya shamba la mtu, aliyoipanda mwenyewe, na shamba liko karibu na pwani. Mvinje ni mti mgumu. Tena pwani yetu ni ya mchanga, na gogo likiangushwa huokota mchanga katika maganda yake. Mnyororo wa msumeno, ambao hukimbia upesi kama mita 20 kwa nukta moja, ukigusa mchanga mara moja tu umekwisha kuwa butu. Kila mkataji aijua dalili yake: msumeno mkali hutoa vipande vya mbao, na msumeno butu hutoa vumbi.

Sasa mnyororo umekuwa butu. Haki ya kazi ni kuzima mashine, kuiacha ipoe, kuchukua tupa na kunoa jino moja moja. Wazee walisema kinolewacho hupata. Lakini msumeno ni mmoja! Ukizimwa, kikosi kizima kimesimama. Wapasuaji wamekaa kitako, lori linangoja, na nyapara ameanza kupiga kelele. Basi mkataji afanya nini? Haunoi. Aukandamiza kwa nguvu za mikono na kifua ili ukate kwa lazima. Mashine yapata moto, mikono yachoka, na mtu aliyechoka aliyeukandamiza msumeno butu ndiye anayengojewa na ajali.

Petroli nayo ni vivyo hivyo. Kila mtu ajua kwamba tangi halijazwi mashine ikiwa moto, kwa sababu tone moja likidondokea chuma chenye moto laweza kuwaka. Lakini msumeno ukiwa mmoja, nani atangoja upoe? Hujazwa pale pale ulipo, mara nyingine na mtu mwenye sigara mdomoni, ili lori lisichelewe.

Na tusisahau jinsi tunavyolipwa. Wengi wetu hatulipwi kwa siku wala kwa mwezi. Twalipwa kwa lori. Lori likijaa kuna fedha, lisipojaa hakuna. Kwa hiyo msumeno ukikataa kuwaka, plagi ikifa au kabureta ikiziba, hasara haimfikii mwenye msumeno. Yeye alala na kula. Anayepoteza ijara ya siku hiyo ni mkataji, na mpasuaji, na mpakizi, ambao hawakuuharibu. Msumeno ni mali ya tajiri, lakini ukiharibika njaa ni yetu! Je, hiyo ni haki?

Hapo ndipo mtego unapofyatuka. Mtu asiyetaka kurudi nyumbani mikono mitupu hukimbia kuazima. Katika kiwanja kimoja mwenzetu mmoja aliazima msumeno wa zamani kwa jirani kwa sababu ule mmoja wa kazi ulikuwa kwa fundi. Huo wa kuazima breki yake ya mnyororo ilikuwa imekatika siku nyingi. Ncha ya msumeno iligusa tawi lililojificha, msumeno ukaruka nyuma, na nyama ya paja ikapasuka mpaka karibu na mfupa. Alipona, lakini hakurudi tena kukata. Mkubwa wa kazi alisema, "Nani alimwambia aazime?" Sisi twajibu: aliyemwambia ni ule msumeno mmoja.

MWILI SI CHUMA

Matajiri hupenda kusema kwamba mashine imetupunguzia kazi. Ni kweli, shoka lachosha mgongo. Lakini msumeno wa mashine una kodi yake, na huikata mwilini.

Kwanza kelele. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 juu ya kelele kazini hazimruhusu mtu kukaa katika kelele zaidi ya desibeli 90 kwa muda wa saa nane. Msumeno wa petroli hupita 100. Pili mtetemeko. Mtu akiushika siku kutwa, mwezi baada ya mwezi, vidole hufa ganzi, huwa vyeupe, na mwisho hawezi kufunga kifungo cha shati. Tatu ni huko kuruka nyuma tulikokutaja. Breki ya mnyororo ilianza kuwekwa katika misumeno miaka ya 1970 kwa sababu hiyo hasa. Kumpa mtu msumeno usio na breki leo ni kumrudisha miaka hamsini nyuma, wakati mguu wake ni wa leo.

Dawa ya mambo haya yajulikana. Vifaa vya kujikinga, yaani kofia ngumu yenye wavu wa uso, viziba masikio, suruali ya kuzuia mnyororo, glavu na viatu. Msumeno mkali uliotunzwa. Na kupokezana: mtu akate kwa muda, kisha auweke chini ashike kazi nyingine, mwili upumzike. Lakini hakuna kupokezana kwa haki pale ambapo watu wote wanaung'ang'ania msumeno mmoja na kila mtu ataka lori lake lijae upesi.

Jambo hili si la Kwale peke yake. Huko Sweden, nchi ya misitu mikubwa, wakataji wa miti waligoma mwaka 1975. Hawakugoma kwa sababu ya senti tu. Walisema kulipwa kwa kadiri ya miti kunamfanya mtu aikimbilie ajali kwa miguu yake mwenyewe, nao walitaka mshahara wa mwezi. Waliupata, na ajali zikapungua. Msumeno ulikuwa ule ule, na miti ile ile; kilichobadilika ni haraka.

Wazee wetu walivaa kipande shingoni wakati wa mkoloni, na wasiokuwa nacho walikamatwa njiani. Kipande kile kilikwisha. Lakini kazi hii ya kulipwa kwa lori ni kipande kingine. Hakining'inii shingoni, chaning'inia juu ya mguu wa mkataji.

KWA NINI MITATU

Basi hesabu yetu ni hii. Kazi ya kuni ina mahali pawili. Shambani mti waangushwa na kuondolewa matawi. Uwanjani magogo yakatwa vipande vya kupasuliwa. Hizo ni kazi mbili za watu wawili, na haifai zifanyike karibu karibu, kwani anayeangusha mti hana budi kuwa mbali na wengine wote, angalau mara mbili ya urefu wa mti wenyewe. Kwa hiyo misumeno ya kazi ni miwili. Ikiwa mmoja, ama utakwenda na kurudi kama mpira, ama watu watasogea chini ya mti unaoanguka ili waokoe wakati.

Wa tatu ni wa akiba. Huo haukati kila siku. Umekaa ndani ya sanduku, umenolewa, una mafuta. Mmoja wa ile miwili ukiwa butu, moto, au mgonjwa, huletwa wa tatu, na ule uliotoka hupoa, hunolewa, au hupelekwa kwa fundi bila mtu kupigiwa kelele. Hivyo hakuna anayeazima, hakuna anayekandamiza, hakuna anayejaza petroli juu ya moto.

Tajiri asema msumeno unaokaa sandukuni ni fedha iliyolala. Twamwuliza swali moja: chini ya lori lako lile linalobeba kuni mpaka Ukunda, kuna nini? Kuna gurudumu la spea. Je, nalo ni fedha iliyolala? Dereva wako akikuomba aondoke bila spea kwenda Lunga Lunga, utamruhusu? Hutamruhusu, kwa sababu gari ni lako na hasara ni yako. Basi miguu ya mkataji nayo inastahili spea, ingawa si mali yako.

KWA NINI SI KUMI

Sasa twageuka kwenu, ndugu zetu vijana. Twajua mnalotaka. Mnaona kila mtu akiwa na msumeno wake atakata zaidi, atajaza malori zaidi, atapata zaidi. Tafadhalini fikirini mara mbili.

Misumeno kumi ikiingia katika kikosi, wa kwanza kutoka ni wapasuaji wa shoka na wazee waliofanya kazi hii kabla mashine haijafika. Tajiri hatawafukuza kwa jina. Atasema kazi yao imekwisha. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema mtu akiondolewa kwa kuwa kazi imepungua, chama chake na Afisa wa Kazi wapewe taarifa mwezi mmoja mbele, na alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Lakini wengi wetu twaitwa vibarua ingawa tumefanya kazi miaka, na tajiri atajaribu kusema sheria hiyo haituhusu. Msimpe msumeno wa kuwakatia wenzenu.

Tena, kuni zikizidi bei hushuka. Malori mawili yatalipwa kama lori moja la jana, nasi tutakuwa tumechoka maradufu kwa ijara ile ile. Na misumeno ikiwa kumi, kila mmoja utatunzwa na nani? Cha wote huwa si cha mtu. Mtakuwa na misumeno kumi butu badala ya mitatu mikali.

La mwisho ni miti yenyewe. Tutazame Gazi, si mbali. Katika miaka ya 1970 mikoko ya pale ilikatwa sana ili kuchoma chokaa na matofali. Tanuri zilikula msitu. Kisha tanuri zikakosa kuni, na wavuvi wakakosa mazalio ya samaki, na ufuo ukabaki wazi. Kazi ya kupanda upya ilianza katika miaka ya 1990, mche mmoja mmoja matopeni. Tangu mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko kwa mpango wa Mikoko Pamoja, na fedha wanazopata kwa hewa ya kaboni zimesaidia maji na shule. Nao wamepanda mivinje, ili anayetaka mti wa kujengea au wa kuni asiende kwenye mikoko. Hilo ndilo fundisho: kata ulichopanda.

Wazee wetu wa kaya walilijua hili kabla ya sheria yoyote ya Serikali. Katika Kaya Kinondo, ambayo tangu mwaka 2008 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, mgeni haruhusiwi kutoka hata na kijiti. Wala tusisahau mwezi wa Februari 2018, Serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii. Amri ilikaa zaidi ya miaka mitano, mpaka Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023, na hata hapo jambo likapelekwa mahakamani. Tajiri mwenye misumeno kumi na mashamba machache ya mivinje atawatuma wapi vijana wake usiku? Atawatuma msituni bila kibali. Na askari wa misitu wakija, tajiri hatakuwapo. Atakayekamatwa na msumeno mkononi ni wewe.

NI NANI ANAYEAMUA

Ndugu, tajiri akisoma haya atasema, "Msumeno ni wangu, mimi ndiye nitakayeamua." Twakubali kwamba risiti ya dukani ina jina lake. Lakini hatari ya msumeno haina risiti. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimu mwajiri kuhakikisha mashine na kazi havimdhuru mfanyakazi, kutoa vifaa vya kujikinga, na mahali penye watu 20 au zaidi kuwe na kamati ya usalama yenye wajumbe wa wafanyakazi. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 41, yampa kila mfanyakazi haki ya masharti ya kazi yafaayo, ya kujiunga na chama, na ya kugoma. Kwa hiyo idadi ya misumeno si siri ya ofisini. Ni sharti la kazi, na masharti ya kazi hupatanwa.

MADAI YETU

1. Kila kikosi chenye wakataji wawili kiwe na misumeno mitatu: miwili ya kazi, mmoja wa akiba. Kikosi kikiongezwa wakataji, hesabu ifanywe upya pamoja na mjumbe wetu.

2. Ule wa akiba usigeuzwe kuwa wa kazi. Ufunguo wa sanduku ukae kwa karani, na mjumbe wa wafanyakazi awe na wa pili.

3. Msumeno usio na breki ya mnyororo usiwashwe, hata kwa dakika moja, hata kama lori linangoja.

4. Wakati wa kunoa, wa kupoza mashine na wa kujaza mafuta uhesabiwe kuwa wakati wa kazi na ulipwe. Msumeno ukiharibika bila kosa la mtu, kikosi kilipwe siku yake.

5. Vifaa vya kujikinga vitolewe na mwajiri, na bima ya ajali iwepo kama inavyotakiwa na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007.

6. Asiondolewe mpasuaji wala mpakizi yeyote kwa sababu ya misumeno bila chama kupewa taarifa.

7. Tuanze mazungumzo ya kuacha malipo ya lori na kuweka mshahara wa mwezi.

Hatuombi zawadi. Misumeno mitatu itamletea tajiri kuni zake, tena bila siku za kukaa bure na bila kesi za ajali. Akitaka kuhesabu kwa kalamu, na ahesabu pamoja na sisi mezani.

Nanyi wanachama, mkutano ukiitwa njooni, wakataji na wapasuaji na wapakizi, kina baba na kina mama wanaofunga matita. Asije mtu mmoja mmoja kwa tajiri akanong'ona kwamba yeye msumeno mmoja wamtosha. Anayekubali mmoja leo kwa ajili yake, amekubali kwa ajili ya mguu wa mwenzake. Na mpaka jambo hili lipatanwe, agizo letu ni moja: msumeno butu unolewe, wenye moto upoe, usio na breki ubaki chini, na wa kuazima usishikwe.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Ni sisi,
Kamati yenu.